Je, Mgonjwa Aweza Kuwa na Waganga Wawili?

Wasomaji wetu, liko jambo moja ambalo watu wa Ipinda na wa pande zote za Kyela hulitenda karibu kila juma, walakini hawapendi kulisema mbele za wenzao. Mtu akishikwa na maumivu ya mgongo, au ya magoti, au ya tumbo yasiyokoma, huenda asubuhi kwenye kituo cha afya akapewa tembe zake. Na jioni, giza likianza kuingia migombani, huenda kwa mzee ajuaye miti akapewa mizizi ya kuchemsha. Kwa mwuguzi hasemi neno juu ya mizizi. Kwa mzee hasemi neno juu ya tembe. Na Jumapili kanisani hasemi neno juu ya yote mawili. Basi mtu huyu ana waganga wawili wasiojuana, na yeye mwenyewe ndiye ukuta uliosimama kati yao.

Twauliza: je, ni vema? Wako wasemao ya kuwa Mkristo hana ruhusa kugusa dawa za kienyeji hata kidogo. Wako wengine wasemao ya kuwa dawa za wazee wetu ndizo dawa za kweli, na za hospitali ni biashara tu. Na wako wasiosema lolote, nao ndio wengi kuliko wote, ila hutwaa huku na huku kwa siri. Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Kwa ajili yake wamekufa watu ambao wangaliweza kuishi, na wengine wamekufa kwa mateso makali ambao wangaliweza kulala kwa utulivu. Kwa hiyo twapenda kulitazama polepole, sehemu kwa sehemu.

Kwanza yatupasa kujua maumivu ni kitu gani. Homa hupimwa kwa kipimajoto. Shinikizo la damu lina chombo chake. Vijidudu vya malaria huonekana kwa darubini. Walakini hakuna chombo kipimacho maumivu. Njia iliyopo ni moja tu: kumwuliza mgonjwa na kumsadiki. Hospitalini huambiwa ataje namba, tangu 0 kwa asiyeumwa hata 10 kwa maumivu yapitayo yote. Lakini hata namba ile hutoka kinywani mwake mwenyewe. Wahenga walilijua hili waliposema, Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hapa twapata fundisho la kwanza: asiyemsadiki mgonjwa hawezi kumtibu maumivu yake, awe na shahada ya chuo kikuu au awe na mkoba wa mizizi. Na bibi mzee aambiwaye kila mara, "Hayo ni ya uzee tu," hajatibiwa, bali amefukuzwa kwa maneno laini.

Tena maumivu yana hali mbili. Mara ya kwanza ni mjumbe. Mtu akikanyaga kaa la moto, maumivu humwambia aondoe mguu. Tazameni ugonjwa wa ukoma: hauli vidole vya mtu kwa kuvitafuna, kama wengi wanavyodhani, bali huua mishipa ya fahamu, hata mtu ashike sufuria ya moto asijue, akapata kidonda asijue, na kidonda kikala kidole. Mtu huyo angefurahi sana kama angerudishiwa maumivu yake. Lakini mjumbe akiisha kutoa habari yake, na habari ikasikiwa, naye akakataa kwenda, akakaa nyumbani akipiga kelele usiku na mchana, huyo si mjumbe tena, ni mzigo. Maumivu ya saratani iliyokwisha kujulikana hayana habari mpya ya kutuletea. Basi kanuni yetu ni hii: mjumbe asikilizwe kwanza, kisha anyamazishwe. Amnyamazishaye kabla ya kumsikiliza ni mpumbavu, na amwachaye apige kelele baada ya kusikilizwa ni mkatili. Kanuni hii tutairudia mara nyingi.

Sasa tuitazame ile rai ya kwanza, isemayo ya kuwa mambo yote ya kienyeji ni giza. Twafahamu ilikotoka. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipoingia katika nchi ya Wanyakyusa, waliona mzizi na ramli vikitoka katika mkoba mmoja; si ajabu kama wengi waliukataa mkoba mzima. Lakini yatupasa kuuliza dawa za hospitali zenyewe zilitoka wapi. Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, jina lake Edward Stone, wa mji wa Chipping Norton, aliandika barua kwa chama cha wataalamu huko London. Alieleza ya kuwa alionja gamba la mti uotao kando ya maji, akaliona chungu, akalikausha, akalisaga, akawapa watu wenye homa wapata hamsini. Mti huo ulikuwa umetumiwa na watu wa kale kwa homa na maumivu tangu zamani. Kutoka katika habari za mti huo wataalamu waliendelea hata mwaka 1897, ndipo Felix Hoffmann wa Ujerumani alipotengeneza aspirini safi, ambayo leo hupatikana katika kila duka la dawa. Mofini, dawa kuu ya maumivu makali, ilitolewa katika utomvu wa ua mwanzoni mwa karne ya 19 na Mjerumani mmoja, Friedrich Sertürner, msaidizi wa mwuza dawa. Kwinini ilitolewa katika gamba la mti wa Amerika ya Kusini, mwaka 1820. Na dawa ya mseto tuimezayo kwa malaria sisi wa bonde hili la Kyela, chanzo chake ni jani la Uchina lililoandikwa katika vitabu vya kale vya waganga wa huko. Mama Tu Youyou alilichunguza, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Basi mti si dhambi. Katika Maandiko twasoma juu ya Msamaria aliyetia mafuta na divai katika majeraha, na juu ya mkate wa tini uliowekwa juu ya jipu la mfalme Hezekia. Vitu hivi ni dawa za kienyeji za nchi ile. Walakini na tuangalie vema tofauti ni ipi kati ya gamba la mti na tembe. Mtu alihesabu wagonjwa wake, akapima kiasi cha dawa, akaandika, akawapa na wengine wajaribu na wamkosoe. Dawa iliyofichwa katika ukoo mmoja haiwezi kukosolewa, na isiyoweza kukosolewa haiwezi kutengenezwa ikawa bora.

Rai ya pili yasema ya kuwa yote ya wazee ni mema. "Babu yangu aliitumia," husema mtu, "naye aliishi miaka tisini." Ni kweli, lakini wale ambao dawa ile iliwaua hawakai barazani kutoa ushuhuda wao. Twajua hatari zilizopo. Wembe mmoja ukichanja chale watu watatu waweza kupeleka UKIMWI au homa ya ini kutoka kwa wa kwanza hata kwa wa tatu, na kidonda kichafu huleta pepopunda. Katika sehemu nyingi za Tanzania wako watu waliokata vimeo vya watoto ili kuponya kikohozi, na kung'oa vifizi vya watoto wachanga kwa jina la "meno ya plastiki". Na watoto wametoka damu wakafa kwa ugonjwa usiokuwapo. Mizizi mingine huumiza ini na figo polepole, wala uchungu wake mdomoni haukuambii lolote juu ya ukali wake tumboni. Dawa nyingine hulikaza tumbo la uzazi kwa nguvu hata likapasuka.

Tena tukumbuke habari za Loliondo. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge, alitoa kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga kwa shilingi 500. Watu walikwenda kwa maelfu, kwa magari na hata kwa ndege, na foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Bei yake haikuwa ya mnyang'anyi, na wengi walirudi wakisema wamepata nafuu. Walakini wako wagonjwa waliokufa katika foleni kabla ya kukifikia kikombe, na wako walioacha dawa zao za UKIMWI au za kisukari kwa kudhani wamekwisha kupona, kumbe ugonjwa ulikuwa ungali ndani. Kupata nafuu ni jambo moja, na kupona ni jambo jingine. Maana yule mjumbe aweza kunyamaza hali adui yungali mlangoni. Maumivu ya mgongo yaweza kuwa ya jembe, nayo yaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo. Na ukikichua miezi sita mifupa huanguka, mtu akapooza.

Wala tusiseme ya kuwa hatari ziko upande mmoja. Tembe za dukani pia zina sumu yake. Parasetamoli ikizidi kipimo huua ini. Diklofenaki, ambayo watu hununua kama karanga kwa ajili ya magoti, ikitumiwa siku nyingi hutoboa tumbo na kudhoofisha figo. Katika nchi mbalimbali pia wameonekana wauza unga wa miti waliochanganya tembe za hospitali ndani yake kwa siri, ili unga usifiwe. Hivyo mtu atwaaye huku na huku bila kusema aweza kumeza dawa moja mara mbili asijue.

Kwa hiyo rai zote mbili zina kosa moja: zinautazama mkoba kana kwamba ni kitu kimoja. Sisi twaona ndani yake mna vitu vinne, navyo ni jani, mkono, ramli, na neno. Kila kimoja kinataka hukumu yake.

Jani tumekwisha kulisema: lipimwe. Na hili si ndoto. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha kuchunguza dawa za miti kilianzishwa mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Mwaka 1978, katika mkutano mkuu wa afya wa Alma-Ata, mataifa yalikubali ya kuwa waganga wa jadi, wakifundishwa vema, wana nafasi yao katika afya ya vijiji. Na Bunge letu lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kuwasajili waganga hao na kuwaangalia. Majani mengine yamekwisha kupita mtihani. Kiini cha pilipili kiwashacho hutiwa katika dawa ya kupaka kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na hospitali za Ulaya huitumia. Mengine yatashindwa, wala si aibu. Mtihani usioweza kumwangusha mtu si mtihani.

Mkono ni kukanda kwa maji ya moto, kuchua kwa mafuta, kunyosha viungo. Mtoto akigonga kichwa, mama hupasugua, na mtoto hunyamaza. Kwa muda mrefu wenye elimu walidhani ni mapenzi ya mama tu. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza ya kuwa katika uti wa mgongo pana kama mlango, na habari za kuguswa zikipita kwa wingi, mlango hufungwa kidogo na habari za maumivu hupungua. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani kiliwashauri madaktari, kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, kuanza na joto, kuchua na njia nyingine zisizo za tembe, kabla ya kuandika dawa. Basi bibi zetu walikuwa wametangulia. Ila na mkono nao una mpaka wake: mfupa uliovunjika usichuliwe, uvimbe usiojulikana usikandwe, na mguu uliovimba ghafula upelekwe kwa daktari. Juu ya kuumika kwa pembe, lugha yetu yenyewe imetuonya, kwa maana kupiga chuku ni kuvuta damu kwa pembe, na kupiga chuku ni kutia maneno chumvi. Anayesema pembe yake huondoa kila ugonjwa amepiga chuku mara mbili.

Ramli ni jambo jingine kabisa, wala hatuna neno jema juu yake. Si kwa sababu ni ya kale, bali kwa sababu huleta maumivu mapya. Mtu aliyekwenda na maumivu ya tumbo hurudi na maumivu yale yale, na juu yake jina la shangazi yake. Sasa waumwao ni wawili. Wazee wenye macho mekundu, ambayo ni ya moshi wa jikoni, wameuawa katika nchi yetu kwa ajili ya ramli. Na ndugu zetu wenye ualbino wameuawa, hata Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mganga amtajaye jirani hatibu. Anapanda mbegu ya msiba.

Neno ndilo jambo kubwa kuliko yote, nasi tutakaa hapa zaidi. Wazee wa Kinyakyusa mtu akiugua walikuwa wakiuliza: amegombana na nani? Mama Monica Wilson, mtaalamu aliyekaa katika nchi yetu pamoja na mumewe Godfrey kati ya miaka ya 1934 na 1938, aliandika ya kuwa wazee waliamini hasira iliyofichwa moyoni yaweza kuleta ugonjwa, na kwa hiyo ilipasa isemwe wazi na kutolewa, ndugu wapatane. Tena aliona jinsi watu wetu walivyokipenda kile kiitwacho ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha na mazungumzo na wenzi, hata kitabu chake cha mwaka 1951 akakipa jina kwa sababu ya jambo hilo.

Wazee walikosea walipodhani ya kuwa hasira ya jirani huvuka migomba ikaingia tumboni mwa mtu na kumwua. Kosa hilo ndilo mama wa ramli. Lakini hawakukosea walipoona ya kuwa mtu aumwaye haumwi mwili peke yake. Huko Uingereza Cicely Saunders, Mkristo, aliyekuwa kwanza mwuguzi kisha daktari, alikaa miaka mingi kando ya vitanda vya wagonjwa wa saratani na kuwasikiliza. Akaona ya kuwa maumivu ya mtu mmoja yana sehemu nne: ya mwili, ya moyo, kama hofu na huzuni, ya jamaa, kama ugomvi na wasiwasi juu ya watoto na deni, na ya roho, yaani lile swali, "Kwa nini mimi?" Aliita yote pamoja maumivu kamili, na mwaka 1967 akafungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo, iitwayo St Christopher's, huko London. Tazameni, wasomaji: alichokigundua mama yule kwa elimu ya hospitali, wazee wetu walikuwa wamekiona nusu yake kwa kukaa barazani. Basi na tuushike upatanisho, tuache mashitaka. Mgonjwa aulizwe, "Nani amekuchukiza, tumwite mpatane?" wala asiulizwe, "Nani amekuloga?" Maswali haya mawili yanakaribiana kwa sauti, lakini la kwanza hujenga nyumba na la pili huichoma.

Hapa mtu mwenye akili atatupinga akisema: "Kumbe faraja ya mganga ni imani ya mgonjwa tu. Basi si udanganyifu?" Ni pingamizi lenye nguvu. Ni kweli ya kuwa moyo hubadili maumivu. Mwaka 1946 daktari Henry Beecher wa Marekani aliandika juu ya askari waliojeruhiwa vibaya vitani, ya kuwa wengi wao walipoulizwa kama wataka dawa ya maumivu walisema hapana, kwa maana jeraha lile lilikuwa kwao habari ya kutoka vitani wakiwa hai. Na mwaka 1978 wataalamu waliona ya kuwa wagonjwa waliopewa dawa isiyo dawa wakapata nafuu, nafuu yao yaweza kuzuiwa na dawa ipingayo mofini. Maana yake mwili wenyewe hutengeneza dawa mfano wa mofini mtu atumainipo. Kwa hiyo nafuu ya kutumaini si nafuu ya uongo. Ni nafuu ya mwili.

Lakini je, uongo unaruhusiwa kwa ajili yake? Twajibu, hapana, wala hauhitajiki. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake huko Marekani waliwapa wagonjwa wa matumbo tembe zisizo na dawa, nao waliwaambia waziwazi ya kuwa hazina dawa, ila walikaa nao na kuwaeleza kwa upole. Na wengi walipata nafuu kuliko wale wasiopewa kitu. Basi kile kitulizacho si uongo, bali kuketi na mtu, kumshika mkono, kumweleza, na kumrudia kesho. Mwuguzi aweza kufanya hivyo pasipo kudanganya, na mzee wa miti aweza, na mke wa jirani aweza. Uongo una kosa lingine pia: siku ukijulikana, huondoa na dawa ya kweli. Aliyedanganywa mara moja juu ya mzizi hatamsadiki na mwenye tembe.

Sasa tuchukue mfano, tuone kama maneno haya yanafaa kazi. Tuseme yuko mama wa miaka hamsini, kando ya barabara ya kwenda Matema. Anaumwa kiuno na tumbo la chini, na kutokwa damu wakati usiostahili. Miezi minane amekunywa mizizi, naye hakumwambia mtu kwa haya. Mwishowe anapelekwa Mbeya, na kutoka huko Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, anaambiwa ni saratani ya shingo ya kizazi, nayo imekwisha kuenea. Mfano huu si wa ajabu. Saratani hii ndiyo iwashikayo wanawake wengi zaidi katika nchi yetu, na wengi hufika wamechelewa. Kosa lilikuwa wapi? Si katika jani, bali katika siri na katika kumnyamazisha mjumbe kabla ya kumsikiliza. Mzee wa miti, kama angalifundishwa neno moja tu, kwamba mama atokwaye damu baada ya ukomo wa hedhi apelekwe hospitali siku ile ile, angalikuwa mlango wa hospitali, si ukuta.

Na sasa mama huyu amerudi nyumbani. Kuponywa hawezi, lakini kutulizwa aweza. Hapa ndipo mofini ifaapo. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huko Uganda kazi ya kuwatunza wagonjwa kama hawa, na mofini ikatengenezwa ya maji, ya kunywa kwa kipimo, rahisi kwa bei. Na mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika, ili mgonjwa wa kijijini asife akimngoja daktari wa mjini. Hapa Tanzania Ocean Road na hospitali kadhaa za kanisa la Kilutheri zinafanya kazi hiyo, na wauguzi huenda mpaka majumbani. Walakini wako waikataao. Wengine huogopa ya kuwa itamfanya mlevi. Twajibu: ikitolewa kwa kipimo kwa mwenye maumivu makali ya saratani, hofu hiyo ni ndogo, na mateso yake ni makubwa. Wengine husema ya kuwa Bwana msalabani aliikataa divai iliyotiwa dawa, basi Mkristo avumilie. Twajibu: alichokikataa alikikataa kwa ajili yake mwenyewe, lakini kwa wagonjwa waliomlilia hatusomi hata mara moja ya kuwa alimwambia mtu aende avumilie. Mwenye afya asimhubirie mwenye maumivu uvumilivu. Mahubiri hayo ni ya mgonjwa mwenyewe kumhubiri, akipenda.

Basi mama huyu na apewe mofini na mwuguzi. Na achuliwe miguu na binti yake. Na anywe uji wa tangawizi akiutaka. Na yule ndugu aliyegombana naye juu ya shamba la kakao aitwe wapatane. Na wenzi wake waje waketi naye, hata wakicheka, kwa kuwa ukwangala haukukatazwa nyumbani mwa mgonjwa. Na mchungaji aje asali pamoja naye, bila kuyakimbia maswali yake. Hapo ana waganga wengi, nao wote wanajuana. Hilo ndilo jibu letu.

Kwa hiyo twaona kila mmoja ana wajibu wake. Mgonjwa aseme yote aliyokunywa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwuguzi asikie bila kucheka wala kukaripia, maana mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hufunga kinywa siku zote, na siku atakapokifunga ndipo atakapokunywa sumu. Mzee wa miti ajisajili, aache wembe wa watu wengi, ajue dalili zisizo zake, wala asimwambie mtu kamwe aache dawa ya UKIMWI, ya kisukari, ya kifafa au ya shinikizo la damu. Kanisa lisimtenge mtu kwa ajili ya jani, bali limkataze ramli, na liwatume watu wake kuwatazama wagonjwa si siku ya kwanza tu, bali na mwezi wa sita, wakati wageni wamekwisha kupungua. Nasi walimu tuwafundishe watoto kupima na kuandika, kwa maana mtoto ajuaye kijiko cha chai kina mililita 5 ataokoa watu wengi kuliko yule ajuaye kusema tu kwamba dawa hii ni ya wazee au ya Wazungu.

Katika Kiswahili chetu daktari mkuu wa wilaya huitwa Mganga Mkuu, na mzee wa miti huitwa mganga pia. Neno liliwaweka katika nyumba moja tangu zamani. Lililobaki ni wao kusalimiana, na mgonjwa aliye kati yao kuwa na ruhusa ya kusema kweli kwa wote wawili.